Silikoni ya mjini, kivimbe cha Kagerankanda



Kuna swali ambalo akina dada wa mjini wanaulizana kwa minong'ono, saluni au kwenye simu usiku, na mara nyingi halifiki kwa daktari. Swali lenyewe ni hili: ukishaweka silikoni kwenye matiti, unaweza kupima saratani? Ile mashine inayobana si itaipasua? Na silikoni ikishakaa hapo, hicho kivimbe kitaonekana wapi?

Wapo walioamua kujijibu kwa njia rahisi kuliko zote. Hawapimi. Oktoba ikifika, riboni za pinki zikajaa maofisini na wenzao wakapanga foleni kwenda kwenye vipimo vya bure, wao siku hiyo wana kikao, wana msiba, gari limeharibika. Ukimbana sana atakwambia, "Nitaenda mwakani."

Leo naomba tulizungumze jambo hili hadharani kama watu wazima. Msimamo wangu nauweka mapema ili asiyetaka kuendelea aishie hapa. Mwanamke mwenye silikoni anatakiwa kupimwa kama mwanamke mwingine yeyote, na inawezekana. Kinachomzuia kwa sehemu kubwa si silikoni, ni aibu tuliyomjengea sisi wenyewe. Na aibu hiyohiyo, ikivaa khanga badala ya gauni la mtoko, inawaua wanawake wa kwetu Kagerankanda ambao hiyo silikoni hawajawahi kuiona.

Tuanze na hao wa mjini.

Matiti ya silikoni si jambo la juzi. Mwanamke wa kwanza kuwekewa alikuwa Mmarekani, Timmie Jean Lindsey, mjini Houston, Texas, mwaka 1962. Tangu hapo mamilioni wamefuata. Hapa Bongo wengi wetu tunakumbuka enzi za "mchina", zile dawa zilizoahidi kukuza kila kitu isipokuwa akili. Baadaye wenye uwezo wakaanza kupanda ndege kwenda kufanyiwa upasuaji ughaibuni. Na mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, upande wa Mloganzila, ilitangaza huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbile hapahapa nchini. Kwa hiyo tusijifanye tunazungumzia Hollywood.

Tena si kila mwenye kipandikizi alikifuata kwa ajili ya urembo. Wapo waliokatwa titi kwa sababu ya saratani, wakatengenezewa jingine. Angelina Jolie aliutangazia ulimwengu Mei 2013 kwamba ameondolewa matiti yote mawili kwa kuwa alirithi jeni ya BRCA1, na akawekewa vipandikizi. Kwa hiyo kabla hujacheka kifua cha mtu, jiulize kwanza unamcheka nani.

Sasa hiyo mashine. Mamografia ni picha ya eksirei. Titi linawekwa kati ya mabamba mawili, linabanwa kwa sekunde chache, picha inapigwa. Kwa kawaida kila titi hupigwa picha mbili, jumla nne. Tatizo ni kwamba kipandikizi hakipitishi mionzi kama nyama ya titi inavyopitisha. Kwenye picha kinakaa pale kama tonge la ugali, cheupe pee, na kilichojificha nyuma yake hakionekani.

Hofu ya akina dada ina msingi basi? Ndiyo, kidogo. Mwaka 2004 jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliolinganisha wanawake wenye vipandikizi na wasio navyo. Kwa wasiokuwa na dalili yoyote, mamografia ilikamata takribani saratani 45 katika kila 100 kwa wenye vipandikizi, wakati kwa wasio navyo ilikamata 67. Pengo hilo si dogo. Lakini utafiti huohuo ulionyesha jambo la pili ambalo watu hawalisimulii: saratani za wenye vipandikizi hazikuonekana kuwa zimekomaa kuliko za wenzao. Kwa lugha nyepesi, kipandikizi hukipunguzia kipimo nguvu, hakikiui.

Na wataalamu hawakukaa kimya. Mwaka 1988 daktari wa Marekani aitwaye Eklund na wenzake walieleza mbinu ambayo hadi leo inabeba jina lake. Mtaalamu wa mionzi anakisukuma kipandikizi nyuma kuelekea ukuta wa kifua, anaivuta nyama ya titi mbele, halafu anabana nyama peke yake. Basi. Picha za kawaida zinapigwa, na hizi za kusukuma zinaongezwa, hivyo kila titi linapata picha nne na jumla ni nane. Kama kipandikizi kimewekwa chini ya msuli wa kifua, kazi huwa rahisi zaidi kuliko kikiwa juu ya msuli. Pale panapobaki na shaka, kuna ultrasaundi, na kwa wenye uwezo wa kuifikia kuna MRI.

Je, itapasuka? Inaweza kutokea, ila ni mara chache sana. Ndiyo maana mpimaji anatakiwa kujua kabla hajabana, ajue anabana nini na kwa kiasi gani. Ukinyamaza unamfanya abane titi kama la kila mtu. Hatari inaletwa na siri kuliko inavyoletwa na mashine.

Je, silikoni yenyewe inaleta saratani ya matiti? Tafiti kubwa hazijaonyesha hivyo. Lakini kuna jambo jingine ambalo kila mwenye kipandikizi anapaswa kulijua. Kuna aina ya saratani ya mfumo wa kinga, limfoma, ambayo huota kwenye kovu linalokizunguka kipandikizi, hasa vile vyenye ganda la kukwaruza. Ni nadra, lakini ipo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilianza kuonya mwaka 2011, na Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya Biocell. Dalili yake kubwa ni titi moja kuvimba ghafla kwa kujaa maji, mara nyingi miaka kadhaa baada ya upasuaji, wakati mwenyewe alishasahau. Dada, ukiona hivyo usisubiri Oktoba.

Hapa nataka niguse kadi. Mwaka 2010 Ufaransa iligundua kwamba kampuni ya PIP ilikuwa inajaza vipandikizi silikoni ya viwandani, ambayo haikuruhusiwa kabisa kuwekwa mwilini. Vilikuwa vimeuzwa katika nchi nyingi, kwa mamia ya maelfu ya wanawake. Mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo Desemba 2013. Lakini fikiria hali ya mwanamke aliyesikia habari ile redioni huku hajui kifuani ana vya kampuni gani. Uingereza ilijifunza, na mwaka 2016 ikafungua daftari la taifa la kuandika kila kipandikizi kinachowekwa. Wewe uliyefanyiwa Istanbul kwa siku tano ukarudi na miwani ya jua, kadi yako iko wapi? Ina jina la kampuni, namba na tarehe? Kama haipo, waandikie wakutumie leo hii.

Kundi jingine ni la waliodungwa. Siyo kipandikizi, ni sindano, vimiminika vilivyomiminwa moja kwa moja kwenye nyama ya titi na watu wasio madaktari. Hawa ndio wenye kazi ngumu zaidi, maana hakuna cha kusukuma nyuma. Vimiminika vinatapakaa, vinaganda kuwa vivimbe, na picha inajaa mawingu. Hata mafuta ya mwili yakihamishiwa kwenye titi yanaweza kuacha chembe za chokaa ambazo kwenye picha zinafanana na zile za saratani. Nao wapimwe, lakini waseme kila kitu walichofanyiwa. Daktari akijua anatafuta njia. Asipojua, anaweza kukukata kwa kitu kisichokuwepo, au kukiacha kilichopo.

Sasa nije kwenye kiini cha hoja yangu. Kwa nini dada huyu hasemi?

Hasemi kwa sababu anatujua. Anajua muuguzi mmoja anaweza kumwita mwenzake aje aone. Anajua picha inaweza kuondoka chumba cha vipimo na kuingia kwenye kundi la WhatsApp kabla hajafika nyumbani. Anajua magazeti ya udaku yamekula kwa miaka mingi kupitia vifua vya wasanii, na sisi wasomi tunaojidai hatuyasomi ndio tunaoyajua vichwa vyake kwa moyo. Pengine hata mumewe hajui. Unategemea aje mbele ya foleni aseme, "Samahani nesi, mimi nimeweka"?

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Lakini sheria haijazi fomu. Ninachotaka ni kitu kidogo sana, hakihitaji bajeti: kwenye kila fomu ya kupima matiti, katikati ya "una mzio wowote?" na "mara ya mwisho kupata hedhi lini?", pawe na mstari mmoja, "Je, umewahi kufanyiwa upasuaji au kuwekewa chochote kwenye matiti?" Unaweka tiki, maisha yanaendelea. Swali likiulizwa kwa kila mtu, halimwaibishi mtu.

Najua atatokea mdau wa kusema: wewe mtoto wa Kigoma, nchi hii ina watu wanaokosa panadol zahanati, unatuletea habari za silikoni? Hoja yako nimeisikia, tena niliisikia kwa mtu mwenye haki nayo kuliko wewe.

Kagerankanda, kwa wasioijua, ni kata katika Wilaya ya Kasulu, kwenye nyanda za juu za Kigoma, ukielekeza macho upande wa Kibondo. Jina letu likitokea magazetini huwa ni kwa habari za ardhi na ule msitu wa hifadhi wa Makere Kusini. Sisi ni watu wa mihogo, maharage na mahindi. Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, redio inazungumzia upasuaji wa kuongeza maumbile, shangazi yangu anachambua maharage. Akasimamisha mkono akaniuliza:

"Mwanangu, wewe mwandishi, hebu nieleze. Huyo aliyewekewa plastiki kifuani, akiota kivimbe humo ndani, daktari atakionaje?"

Nikamweleza yote niliyowaeleza hapa, habari za kusukuma nyuma na kuvuta mbele na picha nane. Alisikiliza hadi mwisho, akarudi kwenye ungo wake, kisha akasema taratibu:

"Picha nane. Na mimi wa kunipiga hata moja yuko wapi, mwanangu?"

Sikuwa na la kumwambia shangazi pale pale. Ninalo sasa.

Mashine ya mamografia haiwezi kuwekwa kila zahanati, na si lazima. Shirika la Afya Duniani lenyewe halizisukumi nchi zenye uwezo mdogo kuanza na mamografia kwa kila mwanamke. Linazitaka zianze na kugundua mapema wenye dalili na kuwafikisha kwenye matibabu haraka. Mpango wake wa saratani ya matiti uliozinduliwa mwaka 2021 una namba tatu rahisi kukariri: angalau wagonjwa 60 kati ya 100 wagundulike wakiwa hatua ya kwanza au ya pili, majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza, na wagonjwa 80 kati ya 100 wamalize matibabu yao.

Sisi tuko wapi? Tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini iliyotoka mwaka 2017 ilikadiria kwamba takribani asilimia 80 ya wanawake hugundulika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Yaani wakati dunia inasema wengi waonekane mapema, kwetu wengi wanaonekana jua limeshazama. Na katika nchi zetu za Afrika ugonjwa huu huwakuta wengi wakiwa bado na watoto wadogo, hawajafika hata miaka 50.

Kwa nini wanachelewa? Umbali upo. Mtu wa Kagerankanda anaanza na bodaboda au gari hadi Kasulu mjini. Akitakiwa hospitali ya kanda, ni Bugando, Mwanza. Apite Kibondo na Kakonko hadi Nyakanazi, aelekee Geita, avuke ziwa kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Akiambiwa aende Ocean Road, Dar es Salaam, hiyo ni zaidi ya kilomita 1,200, na siyo safari ya mara moja. Nauli ni ya watu wawili, maana nani anamwacha mgonjwa asafiri peke yake? Kuna pa kulala, kuna cha kula, kuna shamba linalobaki na nyani.

Lakini kabla ya umbali kuna ile siku ya kwanza, kivimbe kikiwa kama punje ya harage. Hakiumi. Na kwa sababu hakiumi, anaona si ugonjwa. Amwambie nani? Mganga wa zahanati ni kijana wa kiume wa umri wa mwanawe. Mume akisikia ataambiwa na majirani mke wake karogwa. Kuna dawa ya kupaka kwa mzee fulani, anapaka. Miezi inapita. Harage linakuwa ndimu, ngozi inakuwa kama ganda la chungwa, chuchu inaingia ndani, kwapa linavimba. Siku inapotoa harufu ndipo siri inakwisha, maana haifichiki tena.

Mnaona sasa kwa nini nimewaweka wanawake hawa wawili kwenye makala moja? Wa Masaki ana fedha ya kupiga picha nane na haendi kwa sababu anaogopa kuchekwa. Wa Kagerankanda hana picha hata moja, lakini alikuwa na titi, alikuwa na kivimbe, na alikuwa na zahanati. Hakusema kwa sababu aliogopa kusemwa.

Jibu la shangazi liko India. Mjini Mumbai, kuanzia mwaka 1998, watafiti wa hospitali ya Tata Memorial waliwafuatilia wanawake 151,538 wa umri wa miaka 35 hadi 64. Nusu yao walikaguliwa matiti kila baada ya miaka miwili, mara nne. Waliokagua hawakuwa madaktari bingwa. Walikuwa wahudumu wa afya wa kawaida, wanawake waliofundishwa kukagua kwa mikono. Hakuna mashine. Matokeo ya miaka 20 yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la BMJ. Waliokaguliwa waligundulika ugonjwa ukiwa bado mapema kuliko wenzao. Kwa wanawake waliofikisha miaka 50, vifo vya saratani ya matiti vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya hapo tofauti ya vifo haikuonekana wazi, na hilo nalo tuliseme bila kuficha. Lakini asilimia 30 kwa mikono mitupu! Ni mashine gani ya bei hiyo?

Angalieni, nimesema mikono iliyofundishwa. Zile kampeni za kumwambia mwanamke ajipapase mwenyewe kila mwezi na kumwacha hapo zilishajaribiwa. Kule Shanghai, China, walifundishwa hivyo wafanyakazi wa viwanda katika utafiti wa wanawake zaidi ya 266,000, na matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha vifo havikupungua. Kulijua titi lako ni jambo jema, kwa sababu ndiyo njia ya kujua limebadilika. Lakini lazima kuwe na mtu wa kumpelekea hayo mabadiliko, anayejua anachokishika, na anayejua hatua inayofuata.

Watu hao tunaweza kuwa nao. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kuwapata zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa miaka mitano. Hao ndio watu wa mtaani na kitongojini, wanaojua nyumba gani ina mama asiyetoka siku hizi. Na kwenye vituo tayari kuna wauguzi wanaowapima wanawake saratani ya mlango wa kizazi. Mwanamke akishaingia chumba kile, pazia likishafungwa, dakika tano za kukagua matiti zinashindikana vipi?

Kwa hiyo naomba haya, kwa ufupi kabisa.

Mosi, kila mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika Kasulu, Kibondo na kwingineko afundishwe kukagua matiti, na wanaopelekwa kwa kazi hiyo wawe wanawake. Msiniambie ni upendeleo. Muulizeni shangazi angemfungulia nani kitenge.

Pili, mwanamke akikutwa na kivimbe zahanati asipewe karatasi ya rufaa na kutakiwa heri. Rufaa bila nauli ni barua ya kumuaga. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Kipimo chake cha kweli kwangu si hotuba, ni kama mama wa Kagerankanda atafika Bugando ndani ya zile siku 60.

Tatu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba iwe na daftari la vipandikizi vyote vinavyowekwa nchini, na kila anayewekewa aondoke na kadi mkononi. Siku kampuni fulani ikiharibu, tujue tunampigia nani simu.

Nne, swali moja kwenye fomu. Nimeshalieleza.

Na wewe dada uliyeweka, ambaye umesoma hadi hapa huku umeshusha mwanga wa simu, chukua haya yako. Usiache kupima eti kwa sababu ya silikoni. Unapopanga miadi, mwambie anayepokea simu kwamba una vipandikizi, na uulize kama wana mtaalamu anayejua kupiga zile picha za kusukuma. Kama hawana, ulizia kwingine. Nenda na kadi yako. Mwombe aliyekupasua, au daktari mwingine, akuonyeshe kwa vidole ukingo wa kipandikizi uko wapi, ili siku ukigusa kitu kipya ujue ni kipya. Kama silikoni yako ni ya jeli ndani ya ganda, ujue pia kwamba tangu mwaka 2020 mamlaka ya Marekani inashauri kuikagua kwa ultrasaundi au MRI kuanzia mwaka wa tano au wa sita, kisha kila miaka miwili au mitatu, kwa sababu inaweza kuchanika bila wewe kuhisi. Na kama ulitengenezewa titi baada ya saratani, lile jingine lililobaki bado linahitaji kupimwa. Usilisahau.

Sisi wanaume tuna kazi moja tu, nayo hatuifanyi vizuri: kufunga midomo pale tunapotaka kucheka, na kuifungua pale mke, dada au mama anapotaka kusema kitu na anazungukazunguka maneno. Ukisikia "kuna kitu nakihisi hapa", usiulize "tangu lini?" kama polisi. Tafuta nauli.

Saratani ya matiti haiulizi titi hili ni la Mungu au la daktari. Tuliouliza hivyo ni sisi.

Naomba kuwasilisha.